Wasomaji Wanauliza: Simu Ipi Inapiga Picha Nzuri?

Kiangazi kimeingia, ndoa zimepangana Jumamosi hadi Jumamosi, na mfuko wetu wa barua kutoka komini zote za Lubumbashi umejaa swali moja lenye sura nyingi: kamera ya simu. Palipohitaji maelezo marefu tumerefusha. Bei za madukani hatukuziandika, maana bei ya soko la komini yetu ya Kenya asubuhi si bei ya saa kumi jioni.

Jambo yenu. Mtoto wangu anamaliza sekondari, nimemwahidi telefone. Duka la kwanza wametuonyesha Redmi Note 13 mpya, kamera ya megapikseli 108. Duka la pili wana iPhone 11 ya okazyo (iliyokwisha kutumika), kamera ya 12, na bei haziachani sana. Muuzaji wa kwanza ananicheka: "Mama, 12 na 108, kweli unauliza?" Nani anadanganya? (Mama muuza vitenge, Katuba)

Mama, namba zote mbili ni za kweli. Tatizo ni kwamba zinapima kitu ambacho hakikusaidii kuchagua.

Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo kinachopokea mwanga, kinaitwa sensa. Ichukue kama lupango, kiwanja cha nyumba. Megapikseli ni hesabu ya vyumba ulivyojenga ndani ya lupango hilo. Ukiligawa vyumba 108 badala ya 12, lupango halikukua. Kila chumba kimekuwa kidogo tu, na dirisha lake linaingiza mwanga kidogo. Ndiyo maana simu hiyo ya 108 haitumii vyumba vyote kimoja kimoja. Ukipiga picha kwa kawaida inaunganisha pikseli tisa kuwa moja, na picha inayobaki ndani ya simu ni ya megapikseli 12. Tisa mara kumi na mbili, mia moja na nane. Muuzaji anayecheka anauza 12 bila kujua.

Uulize ukubwa wa lupango. Huandikwa kwa namna inayochanganya watu: 1/2.76, 1/1.56 na kadhalika. Namba ya chini ikipungua, sensa imekua. Simu nyingi mpya za bei ya chini zilizoandikwa 50 mgongoni zina sensa ya 1/2.76, eneo la kama milimita 20 za mraba. Galaxy A54 nayo ina 50, lakini sensa yake ni 1/1.56, karibu milimita 50 za mraba. Namba ni ileile, mwanga ni mara mbili na nusu. Boksi halikuambii hayo. Mwambie mtoto aandike jina kamili la simu kwenye tovuti ya GSMArena, asome sehemu ya kamera. Aangalie pia namba inayoanza na f: f/1.8 inaingiza mwanga mwingi kuliko f/2.2.

Tukirudi kwa hizo mbili zako: Redmi Note 13 ina sensa kubwa kuliko iPhone 11 (1/1.67 dhidi ya 1/2.55), na mchana, nje, haiachwi nyuma. iPhone 11 inaishinda kwa kituliza mtetemo, kile kinachoandikwa OIS, ambacho Redmi Note 13 ya 4G haina. Kwa video, kwa sababu inarekodi hadi ubora wa 4K wakati mwenzake anaishia ubora wa chini wa 1080. Redmi nayo ina betri mpya, nafasi ya kadi ya memori, na duka la kurudishia ikiharibika wiki ya kwanza. iPhone 11 ilitoka Septemba 2019. Inayouzwa leo huenda imebadilishwa betri, na pengine skrini, na mtu usiyemjua.

Kwa mtoto atakayepiga picha za wenzake mchana na kuhifadhi masomo yake, sisi tungechukua Redmi. Kama ana hamu ya kutengeneza video, achukue iPhone, kwa sharti la kuijaribu kama tunavyomweleza Mwalimu hapo chini.

Na kama wasiwasi wako ni kuchapisha: picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji megapikseli 2 tu kwa kipimo cha nukta 300 kwa inchi. A4 inahitaji karibu 9. Hata kijana anayeota kutundika kazi yake siku moja kwenye Biennale ya Lubumbashi, ile iliyoanzishwa mwaka 2008 na kituo cha sanaa cha Picha, akichapa A3 kwa nukta 200 kwa inchi anatumia 8. Kumi na mbili zinamtosha na chenji inabaki.

Ninapiga picha na video za ndoa ukumbini, usiku. Nimenunua simu yenye OIS kwa sababu mliisifu, lakini watu wakicheza mikono yao inatoka kama moshi. Halafu kwenye video kuna mistari myeusi inayopanda na kushuka. Simu ni mbovu? (Kijana mpiga picha, Kampemba)

Simu ni nzima. Uliiomba kazi isiyo yake. OIS ni lenzi inayoelea kwenye sumaku ndogo na kusogea kinyume cha mtetemo wa mkono wako. Inatuliza mkono wako wewe. Mkono wa bibi arusi anayecheza haiujui. Ukumbini usiku, simu ikijiendesha yenyewe huacha kamera wazi kwa sehemu ya 1/20 hadi 1/30 ya sekunde. Kwa mtu aliyekaa, sawa. Kwa mtu anayetembea unahitaji 1/125, na kwa mikono ya wachezaji 1/250.

Kwa hiyo ingia kwenye hali ya "Pro", unakojipangia mwenyewe, weka S (muda wa kamera kuwa wazi) kwenye 1/125 kwa wanaotembea na 1/250 kwa wanaocheza, ISO (kiasi cha kuukuza mwanga) usipite 1600 kama unaweza. Juu ya 3200 picha za simu nyingi zinajaa chembechembe kama unga wa muhindi. Hali ya usiku izime wakati wa kucheza: inarundika picha kadhaa za sekunde moja hadi tatu na kuziunganisha, na mtu aliyehama katikati anabaki kivuli chenye vichwa viwili. Iweke kwa ajili ya meza, keki, na ukumbi mtupu. Tumia lenzi kuu, ile ya 1x. Lenzi ya 0.6x inaonyesha ukumbi mzima, lakini kwa simu nyingi sensa yake ni ndogo na tundu lake ni jembamba, usiku inakupa uji.

Ukiweka 1/250 na picha ikawa nyeusi, maana yake mwanga hautoshi, na hakuna simu itakayoutengeneza pasipo kitu. Fleshi ya simu inafaa hadi mita moja na nusu, mbili. Nunua taa ya LED ya kuchaji, mwenzako aishike pembeni, juu kidogo ya kichwa, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwa wahusika. Akirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili, mwanga unabaki robo, si nusu. Hili ndilo linalowashangaza wengi.

Mistari inayopanda ni taa, si kamera. Umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za LED za bei nafuu zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera inaona. Kwenye video ya "Pro" weka S kwenye 1/50 au 1/100, mistari itatulia. Kwenye iPhone ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, washa miundo ya PAL, halafu chagua fremu 25 kwa sekunde. Ukumbi ukihamia kwenye jenereta kuukuu, hesabu hiyo inavurugika kwa sababu mashine haishiki 50 sawasawa. Hapo geuza S kidogo kidogo huku unatazama skrini.

Usisahau nafasi. Kwenye iPhone dakika moja ya video ya 1080 kwa fremu 30 inakula karibu MB 60. Ya 4K kwa fremu 30 karibu MB 170. Ya 4K kwa fremu 60 karibu MB 400. Sherehe ya muda wa saa tatu kwa 4K fremu 30 ni GB 30 na ushee. Simu ya GB 64 yenye WhatsApp ya miaka mitatu ndani haitafika kwenye keki.

Nataka kununua simu ya okazyo. Nikifika dukani nifanye nini ndani ya dakika kumi na tano ili nisipigwe? (Mwalimu, Ruashi)

Mwalimu, nenda na vitu vinne: karatasi nyeupe, ukurasa wa gazeti, kitambaa cha kufutia miwani, na laini yako ya simu. Ukifika, usianze na kamera. Anza na kufuli. Mwombe muuzaji aifute simu mbele yako na aiwashe hadi skrini ya mwanzo. Ikidai akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, rudisha mkononi mwake, hata kama bei ni ya kutupa. Hakuna fundi wa halali atakayeifungua. Baada ya hapo bonyeza *#06# ulinganishe namba ya IMEI (kitambulisho cha simu) na iliyo kwenye mipangilio na kwenye boksi. Weka laini yako upige. Kwa iPhone 14 na zaidi, angalia kama ina mahali pa kuingizia laini: zilizouzwa Marekani hazina kabisa, zinatumia laini ya ndani (eSIM) pekee.

Sasa kamera. Ifute kwanza, kisha iinamishe chini ya tochi ya simu yako na utazame lenzi kwa upande. Mikwaruzo ya juu ni kioo cha nje, kinabadilishwa kwa bei ndogo. Vumbi au ukungu ndani ni habari nyingine: simu ilifunguliwa ikafungwa vibaya, au iliingia maji.

Piga picha ya karatasi nyeupe ikijaza skrini yote. Doa jeusi linaloonekana mahali palepale kwenye kila picha liko ndani. Rangi ya waridi au zambarau katikati pia ni dalili mbaya. Kisha bandika ukurasa wa gazeti ukutani, simama sawa nao, piga, kuza pembe nne moja baada ya nyingine. Maandishi ya pembe tatu yakisomeka na ya nne yakiwa maziwa, simu ilianguka na lenzi imekaa upande.

Lenga kitu cha karibu, kama sentimita 15, gusa skrini; lenga mbali, gusa; rudia mara kumi. Ikisita hata mara mbili, mashine ya kulenga imechoka. Picha ikicheza yenyewe kwenye skrini wakati mkono umetulia, au ukisikia mlio kama nzi kwenye chupa, kituliza mtetemo kimekufa. Mtikisiko mdogo wa kugonga ukitikisa simu yenye OIS iliyozimwa si ugonjwa. Ni lenzi inayoelea.

Halafu jaribio ambalo wauzaji wengine hawalipendi. Fungua kamera, uzibe matundu ya mgongoni kwa kidole, moja baada ya lingine, huku unabadilisha 0.6x, 1x, 2x na picha za sura. Utagundua matundu yanayofanya kazi kweli. Simu yenye "kamera nne" mara nyingi ina moja ya kazi, moja ya msaada, na mbili za megapikseli (MP) 2 za kupamba mgongo; na zile za kughushi, zenye jina kubwa na bei ndogo, zina duara za plastiki zisizo na kitu nyuma yake. Fungua pia taarifa za picha uliyopiga. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4000 kwa 3000. Ukikuta 1600 kwa 1200 kwenye simu iliyoandikwa 108, aga uende.

Ingia chini ya meza au nyuma ya duka palipo na giza, piga picha moja. Mwishowe rekodi video ya dakika tano kwa ubora wa juu kabisa. Wakati inarekodi ongea na muuzaji juu ya bei. Ukimaliza isikilize: sauti iwe safi, na simu isiwe imekuwa pasi, wala betri isiwe imeshuka asilimia kumi. Kwenye Galaxy nyingi, *#0*# inafungua ukurasa wa kujaribu skrini, spika na kamera. Kwenye iPhone 12 na zaidi, ukurasa wa "Kuhusu" unaonyesha kama betri, skrini au kamera vilibadilishwa na kama kipande ni cha asili. Kipande kilichobadilishwa si lazima kiwe kibaya, lakini kinashusha bei, na hapo ndipo dakika zako kumi na tano zinapojilipa.

Neno moja kuhusu Pixel 6a, ambayo watu huitafuta kwa kamera yake: mwaka 2025 Google ilileta sasisho linalopunguza uwezo wa betri yake ikishapita mizunguko 400 ya kuchaji, ili isipate moto kupita kiasi. Uliza mizunguko kabla ya kuuliza picha.

Mbona simu yangu inanitoa mweupe kama mtu aliyepakwa unga, na dada yangu mweusi zaidi yangu anatoka meno na macho tu? Kuna simu inayotuheshimu? (Dada wa Kamalondo)

Dada, hayo ni makosa mawili tofauti.

Weupe wa unga unatoka kwenye "urembo", ile nyota au uso mdogo kwenye kamera ya selfi. Simu nyingi zinakuja nayo ikiwa imewashwa dukani. Ifungue, shusha kila mstari hadi sifuri: kulainisha ngozi, kung'arisha, kupunguza uso. Toka, ingia tena, hakikisha imebaki sifuri, kwa sababu nyingine zinajirudisha zenyewe.

Dada yako anatoweka kwa sababu kamera inapima wastani wa mwanga wa picha nzima. Akisimama mbele ya ukuta mweupe au kando ya gauni la arusi, simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Gusa uso wake kwenye skrini, bonyeza na kushikilia hadi kufuli itokee, kisha vuta kijua kidogo kidogo: juu kama uso bado uko gizani, chini kama gauni limekuwa doa jeupe lisilo na mshono hata mmoja. Kati ya hizo mbili, okoa uso. Na msisimame juani saa sita. Hapa kwetu, nyuzi 11 na ushee kusini mwa ikweta, jua la Oktoba liko utosini kabisa, linachimba mashimo chini ya macho. Ingieni kwenye kivuli, ukingoni mwake, nyuso zikielekea upande wenye anga. Chini ya mjakaranda ni pazuri, ila angalieni majani na maua yasiwatupie rangi yake.

Kuhusu simu: Google ilianza mwaka 2021, na Pixel 6, kurekebisha kamera zake kwa ajili ya ngozi nyeusi, mpango unaoitwa Real Tone. Tecno, ndugu wa Infinix na itel chini ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, imejengea jina lake Afrika juu ya jambo hilohilo, na safu yake ya Camon ndiyo inayolengwa kwa picha. Galaxy na iPhone za miaka ya karibuni zinafanya vizuri pia. Maoni yetu: Pixel inaacha ngozi kama ilivyo, Camon inapenda kuipendezesha. Nenda dukani na dada yako, si peke yako. Mpigwe pamoja katika picha moja, ndani na nje. Simu itakayowatoa wote wawili kama mlivyo ndiyo yenu.

Ninauza malakite na misalaba midogo ya shaba kwa wateja wa mbali. Picha zangu zinatoka na doa jeupe katikati ya jiwe, na kijani kinakuwa cha bluu. Ninunue simu yenye kamera ya "macro"? (Papa muuza mawe, Lubumbashi)

Usinunue, Papa. "Macro" ya simu nyingi za bei ya kati ni sensa ya MP 2, picha ya pikseli 1600 kwa 1200, isiyoweza kubadilisha umbali wa kulenga. Ni ile tuliyomwambia Mwalimu kuwa ni pambo. Macro ya kweli ni ile inayotumia lenzi pana yenye kulenga yenyewe, kama iPhone 13 Pro ya mwaka 2021 inayokaribia hadi sentimita 2, na hiyo ni feza nyingine.

Tumia lenzi kuu. Weka jiwe sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye simu na uchague 2x badala ya kusogea. Ukikaribia zaidi, mistari ya katikati inaonekana vizuri na ya pembeni inayeyuka. Simu zenye sensa kubwa ndizo zinazosumbua zaidi hapo. Simamisha simu juu ya vitabu, weka saa ya sekunde 2, bonyeza, ondoa mkono.

Doa jeupe ni taa yenyewe ikijitazama kwenye jiwe lililong'arishwa. Zima fleshi. Weka meza kando ya dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, tundika kitambaa cheupe chepesi dirishani, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Juu ya jiwe shikilia kadibodi nyeusi, izungushe taratibu huku unatazama skrini: utaona doa likifa na mistari ya malakite ikijitokeza. Msalaba wa shaba uupe mwanga wa ubavuni, la sivyo unabaki kipande cha kahawia kisicho na unene.

Rangi: weka karatasi nyeupe kando ya jiwe kwenye picha ya kwanza. Kwenye "Pro", sogeza WB (kirekebisha weupe) hadi karatasi iwe nyeupe kweli, kisha iache hapohapo kwa mawe yote ya siku hiyo. Usichanganye dirisha na balbu; mwanga wa aina mbili hautibiki. Weka rula ndani ya picha moja, wateja wa mbali wanapenda kujua sentimita.

Mimi ni mwendesha pikipiki. Simu nimeifunga kwenye usukani kwa ajili ya ramani. Miezi sita tu, kamera imeanza kutetemeka na hailengi. (Kijana, komini ya Kenya)

Pikipiki ndiyo imeiua. Mwezi Septemba 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu OIS na mashine ya kulenga ya iPhone, na simu nyingine zenye lenzi inayoelea hazina kinga ya pekee. Iweke mfukoni, sikiliza maelekezo kwa sikio moja. Kama lazima ikae kwenye usukani, tafuta kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, au weka hapo simu ya zamani isiyo na OIS. Kamera iliyokwisha kuharibika haijirudi, inabadilishwa nzima.

Picha nzuri, nikituma WhatsApp inakuwa mbaya. (Mwanafunzi, Kasapa)

WhatsApp inaipunguza ili isafiri haraka. Kabla ya kutuma bonyeza HD, kitufe kilichokuja mwaka 2023. Kwa picha ya kuchapishwa itume kama dokyumenti, siyo kama picha: inafika ilivyo, na mwisho wake ni GB 2. Kumbuka picha ya megapikseli 12 ni MB 3 hadi 5, na kifurushi ni chako.

Vumbi jekundu la kiangazi linaharibu kamera? Na hivi vioo vya kubandika juu ya lenzi vinafaa? (Mama wa Kampemba)

Linaharibu kwa mkono wako, Mama. Vumbi letu lina chembe za mchanga, na ukifuta lenzi kwa kitenge au shati ukiwa umetoka nje, unaisugua na msasa. Kwanza puliza kwa pampu ndogo ya mpira, ile ya kusafishia masikio, ikiwa kavu. Mdomo unaleta mate. Ndipo ufute kwa kitambaa cha miwani, kwa mzunguko, bila kukandamiza. Nusu ya picha za usiku zenye taa zilizovimba kama jua si kamera mbaya, ni mafuta ya kidole.

Kwenye maelezo ya simu tafuta IP, alama ya kinga dhidi ya vumbi na maji. Namba ya kwanza ni ya vumbi: 6 haliingii, 5 linaingia kidogo bila kuharibu, X haikupimwa. Simu iliyofunguliwa na fundi, hata kama iliandikwa IP68, ihesabu kama haina kitu tena mpaka gundi yake iwekwe upya sawasawa.

Vioo vya kubandika, hapana. Mchana hutaona tofauti. Usiku kila balbu inazaa mzimu wake upande wa pili wa picha, na vumbi linaingia kati ya vioo viwili mahali usipofika. Chukua kava yenye ukingo ulioinuka kuzunguka kamera, inatosha.

Nina dola 150. Nataka picha za wajukuu na za karatasi zangu za lupango. Simu mpya au ya okazyo? Na hii "GB 8 + 8" ni nini? (Mzee, komini ya Annexe)

Mzee, "8 + 8" ni 8 tu. Nane ya pili ni sehemu ya ghala la simu iliyoazimwa kufanya kazi ya RAM (memori ya kufanyia kazi), nayo ni ya polepole. Soma namba ya kwanza pekee. Usishuke chini ya 4, na ghala lisiwe chini ya GB 128.

Kwa fedha hiyo simu mpya yenye OIS ni ngumu kuipata, na wajukuu hawakai. Kama una kijana wa kuijaribu kwa utaratibu wa Mwalimu, tafuta ya okazyo kama Galaxy A24 au A34: zote zina OIS na zinapokea kadi ya memori. Kama huna, chukua mpya, na usilipie kamera ya tatu na ya nne. Wajukuu uwapige picha asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, mlangoni, wao wakitazama nje na wewe ukiwa na mgongo kwa uwanja. Piga picha tano mfululizo, moja itakuwa nzuri.

Karatasi za lupango usizipige juani wala kwa fleshi. Zilaze mezani kwenye kivuli, shika simu sambamba nazo, sentimita 40 juu, ili kivuli chako kisiangukie maandishi. Tumia skana ya Google Drive: bonyeza alama ya kamera; inanyoosha pembe na kuhifadhi PDF. Piga kila ukurasa mbele na nyuma, hata upande wenye muhuri peke yake, kisha kuza uhakikishe namba zote zinasomeka kabla hujarudisha karatasi kabatini.